Kolache za Bi Erlene Mahakamani

Ungemkuta Erlene Kubena amebanwa mguu na trekta ukamwuliza hali, angekwambia hajambo, kisha angekuuliza kama umekula. Watu wa Salt Branch, huku kusini mwa Texas, ndivyo tulivyo, ila Erlene alizidi. Siku ile ya mauaji kanisani, risasi ikiwa imemsaga bega la kulia, alimwambia mhudumu wa ambulensi, "Mimi mzima, mwanangu. Watazame wengine kwanza."

Wengine, wengi wao, walikuwa wameshakufa. Norma, jirani yake wa nyumba na wa benchi la kanisani, alikuwa mmojawapo.

Muuaji alikuwa amewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mkewe, na kisheria hakustahili kuuziwa hata bastola. Ofisi ya serikali iliyokuwa na hukumu hiyo ilitakiwa kupeleka jina lake kwa wanaowachunguza wanunuzi wa silaha. Haikupeleka, naye akauziwa bunduki. Hapakuwa na rushwa wala njama. Ulikuwa uzembe tu, ule wa kusema nitafanya kesho. Basi manusura wakaishtaki serikali, na kila mmoja akatakiwa kumweleza jaji alivyoumia.

Hapo ndipo wakili wao, Bi Treviño, alipoanza kuota mvi.

"Bi Erlene, jaji akikuona mzima hupati hela ya kupasuliwa bega. Nakuomba ulalamike."

"Nilalamike nini, na wenzangu wako makaburini?"

"Bega si linauma?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, mwanangu. Umekula?"

Siku ya kesi Erlene aliingia mahakamani na sinia la kolache, maandazi laini ya jemu ambayo bibi zake walikuja na upishi wake kutoka ng'ambo. Askari wa mlangoni alilipitisha sinia kwenye mashine, akabaki na mawili kwa uchunguzi zaidi. Wakili wa serikali, kijana mwembamba aliyeonekana hajalala, alipewa yake pia.

"Kula kwanza," Erlene alimwambia, "ndipo unibane kwa maswali."

Akala. Erlene alipopanda kizimbani, kijana alianza kwa adabu. "Hujambo leo, mama?"

"Sijambo kabisa, namshukuru Mungu."

Bi Treviño akafumba macho.

"Maandazi yako matamu. Umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe," akasema Erlene, kwa maringo kidogo.

"Unga umeukanda wewe?"

"Nimekanda, nimekata, nimejaza jemu."

"Kwa mkono huohuo tunaoambiwa hauwezi kazi?"

Erlene akaelewa kwamba sinia lake ndilo linalomshtaki. Aliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, na kwa kuwa hasira hakuizoea, ilimtoka polepole.

"Umeniuliza hali nikasema sijambo. Nilikudanganya, mwanangu. Ni mazoea yetu tu. Zamani kolache nilizimaliza jioni moja ya Jumamosi, Norma kando yangu akijaza jemu na kuwasengenya wanakwaya. Hizo ulizokula nimezianza juzi. Nakanda kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia hauinuki hata kuchana nywele. Kila nikipumzika nalia, halafu naosha uso narudi kwenye unga. Kiti cha Norma kipo palepale jikoni, sijathubutu kukisogeza. Mtu wenu alikuwa na jina moja tu la kupeleka. Moja. Sasa mimi sijambo kitu gani?"

Kijana alitazama makombo kwenye tai yake. "Sina swali jingine," alisema.

Serikali ilivutana weee, mwishowe ikalipa. Bega likapasuliwa, na siku hizi mkono unafika sikioni. Lakini watu wa Salt Branch wakiisimulia habari hii hawaanzi na hela, wanaanza na Jumapili ile iliyofuata ushahidi wake. Mchungaji alikuwa mlangoni akiwauliza watu hali kama kawaida. Ilipofika zamu ya Erlene, akasema, "Vibaya. Bega limeninyima usingizi usiku kucha."

Foleni nzima ikasimama. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Mimi nyonga." Mwingine akasema hajawahi kulala na taa imezimwa tangu siku ile. Delbert Vasek, mume wa marehemu Norma, akavua kofia.

"Mimi mlango ukijibamiza najificha chini ya meza," alisema. "Na mwili wenyewe mnauona."

Walicheka hadi wakafuta machozi, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kicheko. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na aliyemaliza alianza upya. Ibada ikachelewa, nyama ya mchana ikakauka jikoni, na hakuna aliyelalamikia hilo.

Jumamosi iliyofuata, jioni, mlango wa jikoni kwa Erlene ukagongwa. Alikuwa Delbert, amevaa aproni ya Norma yenye maua, kamba zake hazikutani mgongoni.

"Nimekuja kujaza jemu."

"Wewe unajua kujaza jemu?"

"Sijui. Ila kusengenya naweza."

Erlene akakivuta kile kiti kwa mkono wake wa kushoto, akamwambia akae.