Mkalimani wa Kitenzi Kimoja

Niseme mapema: kisa hiki kinanionyesha mjinga, na mie mwenyewe ndiye ninayekisimulia, kwa hiyo msihangaike kutafuta wa kumlaumu. Wajukuu zangu waliniambia, "Babu, kiruke hicho, anzia pale ulipopandishwa cheo." Nikawajibu kwamba nikikiruka, kitakachobaki ni miaka mingi ya kubeba bahasha, na nani atakaa kusikiliza habari za bahasha?

Siku ya kwanza kazini nilivaa kaptula ya kaki ambayo tungeweza kuingia wawili na tukabakiza nafasi ya mgeni. Nilikuwa kijana wa Buguruni, darasa la nne, mdomo mrefu kuliko elimu. Niliandikwa tarishi, yaani mpeleka barua, kwenye ofisi ya Bwana Shauri. Huyo alikuwa Mzungu wa serikali aliyesikiliza kesi za viwanja, kodi na ugomvi wa majirani. Asubuhi ile alitoka chumbani kwake akanirushia maneno kama mtu anayetawanyia kuku mtama. Nikadaka moja tu: "get". Nikasimama. Akasema tena, lilelile na kitu kingine mbele yake. Nikakaa. Akapiga meza kwa rula.

"Wewe apana sikia? Mimi sema mara moja!"

Nikatimua mbio mpaka nje. Kumbe ndicho alichokuwa anataka, nitoke.

Karani mkuu, mzee mmoja wa bara tuliyemwita Karani Elia, alinifuata kwenye kivuli cha ukuta huku anacheka bila sauti, maana hata kucheka pale kulikuwa na saa zake.

"Sikiliza, kijana. Wazungu wana maneno mengi, lakini wavivu kuyabeba. Hicho kitenzi wanakitumia kama nyie mnavyotumia panga. Kukata kuni, panga. Kuchimba muhogo, panga. Kuua nyoka, panga. Kishike hicho kwanza."

Nikanunua daftari. Nikawa naandika kila nilipolisikia. Kupata barua, "get". Kuleta maji, "get". Kuamka, kutoka, kupanda gari, kushuka kwenye gari, kote limo. Mtu akioa, limo. Akilewa, limo. Akiugua limo, akipona limo, mvua ikimlowesha limo. Akielewa jambo, analo hilohilo. Nikafikisha matumizi arobaini na moja. Wenzangu wakaniita Bwana Get, na mie nikavimba. Nilikuwaga nikipita Kariakoo nakohoa Kizungu.

Lakini nyie vijana mjue kilichokuwa chini ya hayo majivuno. Ilikuwa hofu. Sheria yetu matarishi, isiyoandikwa popote, ilisema: usimuulize Mzungu mara mbili. Tarishi mwenzangu Seifu aliuliza mara mbili. Alivuliwa sare palepale barazani, kofia, shati, kaptula, akarudi kwao amefunga msuli wa kuazima, watu wanamchungulia. Tangu siku hiyo, mie nikiambiwa lolote, niwe nimeelewa au sijaelewa, jibu langu lilikuwa "Yes, sir". Halafu nabahatisha.

Bwana Shauri wa kwanza akahamishwa. Wa pili nilifanya naye kazi Kinondoni, halafu Temeke. Huyu hakupiga meza. Alikuwa na sauti ndogo, anakutazama kwanza, ndipo anaandika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia maji, si cha kusikilizia shauri. Yule wa rula nilimwogopa kwa masikio. Huyu nilimwogopa kwa tumbo.

Temeke ndiko kulikotokea mambo. Serikali ilikuwa inapima viwanja, na wapima walikuwa wamepigilia vigingi katikati ya mashamba na nyumba za watu. Utaratibu ulikuwa hivi: aliyejenga kabla ya vigingi anapewa kiwanja kingine. Aliyejenga baada ya vigingi anavunjiwa nyumba na hapewi kitu. Kila mtu anaitwa barazani, anahojiwa, maneno yake yanaandikwa Kizungu, mkalimani anamsomea Kiswahili, ndipo anapiga dole gumba. Dole likishatua, basi. Hata Liwali hawezi kulifuta.

Asubuhi moja mkalimani wetu akashikwa na homa. Karani Elia alikuwa ofisini mjini. Bwana Shauri akanitazama, akaniuliza kitu. Ndani yake nikasikia lile neno langu.

"Yes, sir!"

Nikajikuta nimeshika Msahafu, naapa kwamba nitafasiri kweli tupu. Mkono ulikuwa unatoa jasho mpaka nikaona haya kukishika Kitabu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Bi. Mwanahamisi, mjane, mwenyeji wa hapohapo Temeke. Alikaa kwenye mkeka, kanga imefunika mpaka kwenye nyusi.

"Mwambie, mwanangu," akasema, "nyumba ile alinijengea marehemu mume wangu. Vigingi vimekuja vimetukuta. Mwaka jana, nilipotoka eda, nikaezua paa bovu nikaezeka makuti mapya. Hilo tu ndilo nililofanya, kuezeka."

Maneno mazuri, yamenyooka. Mie ningeyatoa kwa kitenzi gani? Nilichokuwa nacho ni kimoja. Kwa Kizungu changu nikasema: huyu mama alipata nyumba, mume alipata kufa, mwaka jana akapata makuti. Bwana Shauri akainua uso. Akauliza swali refu. Sikuambulia hata herufi.

"Yes, sir."

Akaandika. Akauliza lingine.

"Yes, sir."

"Amesemaje?" Bi. Mwanahamisi akaniuliza.

"Anasema endelea tu, mama."

"Niendelee na nini? Si nimemaliza?"

Wanaume waliokaa nyuma wakaguna. Kalamu ilikuwa inakwenda, na mie nikawa nahesabu mistari, maana mama alikuwa amesema maneno machache na ukurasa unajaa. Yanatoka wapi? Nilijua yanatoka wapi. Yalikuwa yanatoka kwenye zile "Yes, sir" zangu.

Bwana Shauri akanisogezea karatasi. Chini kulikuwa na nafasi mbili, ya dole la mama na ya saini yangu, kwamba nimemsomea naye ameelewa. Nikaishika. Nikaanza kutafuta neno langu. Mstari wa kwanza, halipo. Wa pili, halipo. Nikashuka mpaka chini, nikapanda tena juu. Ukurasa mzima wa Kizungu, matumizi arobaini na moja kichwani, na humo ndani hamna "get" hata moja!

"Soma basi, mwanangu, jua linakwea," mama akasema. Mesenja, askari wa baraza, alikuwa ameshamwelekeza dole kwenye kidau cha wino.

Nikamwona Seifu na msuli wake. Nikaona jela, maana nilikuwa nimeapa. Nikafikiri: nisome uongo wowote, nitie saini, nani atajua? Na huku dole jeusi linashuka.

Nikamdaka mkono.

Mwanamume kumshika mjane mkono hadharani! Baraza zima likasimama. "We! Umerogwa?" Mzee mmoja akanyanyua bakora. Wino ukanipaka kifua kizima.

"Bwana," nikasema, kwa Kiswahili, kwani Kizungu kilikuwa kimeshaniaga, "mie sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui ulichoandika. Sijui ulichoniuliza. Nilikuwa naitikia tu."

Sauti yake haikupanda. "Yote?"

"Yote, Bwana."

Akaweka kalamu chini. Kisha akamtuma dereva mjini akamchukue Karani Elia. Tukamngoja pale, mie nimesimama juani, wino unanikaukia. Karani Elia alipofika akaisoma karatasi kwa sauti, kwa Kiswahili: mama huyu anakubali kwamba nyumba aliijenga mwaka jana, baada ya vigingi, bila ruhusa, na anakubali kuvunjiwa.

Bi. Mwanahamisi akashika ukingo wa mkeka.

Karatasi ikachanwa, shauri likaanza upya kwa kinywa cha Karani Elia, na majirani wakatoa ushahidi. Nyumba ikahesabiwa ya kabla ya vigingi. Mie sikufukuzwa. Niliondolewa barazani, nikapangiwa barua za Mbagala, kwa miguu, kwenda na kurudi, masika na kiangazi. Na kila alasiri Karani Elia alinikalisha ofisini kwake akanifundisha vitenzi vingine, kimoja kimoja, akinipiga kwenzi kila nilipochomeka kile cha zamani.

Baadaye sana nikawa mkalimani kweli, nikawatumikia mabwana wanne, na nikastaafu nikiwa na saini yangu kwenye makaratasi mengi yasiyohesabika. Wengi huniuliza kama ile hofu iliisha. Haikuisha. Kila dole lilipokuwa linashuka, nililizuia kwanza niisome karatasi upya, hata kwenye kesi ya mbuzi. Siku hizi nalala mchana, nabishana na wajukuu, na bado kuna usingizi ninaoshtuka nimekunja ngumi, nimeshika mkono wa mtu asiyekuwepo.

Barua ya kiwanja kipya cha Bi. Mwanahamisi niliipeleka mie, wiki chache baada ya siku ile. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo, nikampa bahasha, nikapiga magoti kumwomba radhi kwa kuwa nilimdanganya kwamba naelewa.

"Hukunidanganya," akasema, bila kuacha ungo. "Tangu swali la kwanza nilijua huelewi. Lakini ningemwambiaje Mzungu, mwanangu, na mdomo wangu ulikuwa wewe?"