Njia ya Ukoga

Nchi ilipata uhuru, mimi nikatiwa ndani. Bendera mpya ilikuwa bado haijapauka Msambweni nilipovunja ungo, na mamangu akaniambia basi, shule imekwisha, sasa wewe ni mwari, utatawishwa mpaka apatikane mume. Nyumba yetu ilikuwa Gazi. Nilipewa chumba cha nyuma na ua wenye kuta zilizonipita kimo. Redio ya jirani ilihubiri kwamba watoto wote wasome, wa kike na wa kiume. Nilikuwa nikiisikiliza huku nachambua mchele, na hasira zimenijaa tele.

Babangu hakuwa mtu mbaya. Alisema ikiwa Ramadhani itakwisha na hakuna aliyeniposa, atanirudisha shule nikamalize. Mamangu alicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku ile dua yangu ilikuwa moja tu, nisiposwe.

Bafuni palikuwa na birika la mawe la kutawadhia, na ubavu wake usiopigwa na jua ulishika ukoga, ule wa kijani unaoota laini kwenye mawe yenye unyevu. Kuukwangua ilikuwa kazi yangu, watu wasije wakateleza. Siku moja kilibanduka kipande kizima, kipana kama kiganja. Nilipokigeuza nikaona nimeshika kichaka. Sikukitupa.

Shangazi yangu wa Kikoneni ndiye pekee niliyemwonyesha. Alipokuja tena alikuwa na gundi ya mkorosho ndani ya kifuu, na ukoga mwingine wa mtoni kwao, mrefu mrefu, kaufunga kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, shika uchezee. Kuta hizi zisije zikakuua."

Nikatwaa kifuniko cha sanduku la majani ya chai, nikakipaka gundi, nikaanza. Mwanzo niliharibu sana. Ukoga ukiubandika mbichi unaoza na kunuka, ukiuanika juani unakuwa vumbi. Nikajifunza kuuacha kivulini juu ya mkeka mpaka uishiwe maji, kisha kuubana kingo kwa mgongo wa kijiko, katikati usiguse. Kila asubuhi niliupulizia maji kwa mdomo. Mamangu alisema nimeanza kuwa na wazimu, na pengine alisema kweli.

Nilichokitengeneza ni njia ya shuleni. Ukoga wa mtoni ukawa mikoko ya Gazi, nyuzi za makumbi zikawa mashina ya minazi, na njia yenyewe nikaimwagia mchanga mweupe, ipite katikati ya mikoko na kupanda mpaka kwenye kona ya juu, ambako shule ilikuwa. Nilitaka kujitia na mimi humo, msichana mdogo na buibui lake, anakwenda zake. Baba alichungulia mlangoni akasema, "Pambo zuri hilo. Ila usitie chenye roho, malaika hawataingia nyumbani." Basi njia ikabaki tupu. Nilikuwa nikiitazama mpaka naichukia, na nisipoitazama nakosa pumzi.

Mamangu, aliyeniita mwenda wazimu, ndiye aliyelitundika pambo langu ukumbini. Mwezi wa Shaabani tulisomesha hitma ya marehemu babu, na wanawake wakaja kutoka kila upande. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kama ilivyompasa mwari. Nikamsikia mmoja, mgeni wa Tiwi mwenye sauti nzito, amesimama mbele ya pambo.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Ya mwari wetu, yuko ndani," mamangu akajibu, na sauti yake ilikuwa imevimba kwa fahari.

"Mashaallah! Uzi kwa uzi! Huyu katulia, bibi. Wenziwe wachungulia madirishani mchana kutwa, yeye kajitengenezea bustani humu humu ndani. Huyu hatamsumbua mume."

Nilitamani kulipasua lile pazia nimwambie, mama, hiyo si bustani, hiyo ni njia, na mimi nataka kuipita nitoke. Lakini mwari hajitokezi mbele ya wageni. Nilisimama nikauma upindo wa kanga.

Posa ililetwa kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mwanamume alikuwa mtoto wa yule mgeni. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," mamangu alisema, akanikumbatia kwa furaha. Babangu hakunitazama. Alikuwa ameweka sharti na sharti limevunjika, wala si yeye aliyelivunja. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikaenda kuupulizia ukoga maji, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Nilipelekwa Tiwi baada ya Idi. Pambo langu lilikuwa limetangulia pamoja na masufuria, nikalikuta ukutani juu ya kitanda. Asubuhi mama mkwe alinishika mkono akanipeleka uani. Chini ya ukuta, penye kivuli, palikuwa na mawe yaliyopangwa vizuri, yamelowa.

"Nimekuwa nikiyamwagia maji tangu tulipokubaliwa posa," akasema. "Tazama, yameanza kushika kijani. Kila utakachokitaka utakipata humu, mwanangu. Huna haja ya kutoka."

Alikuwa ameyabeba mawe yale yeye mwenyewe, na uso wake ulikuwa umejaa wema. Nikamwambia, "Ahsante, mama."