Bahari ya Newala

Hapa kisiwani ninapoishi, jirani akichoma korosho, moshi wake hunirudisha Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu. Asubuhi moja utotoni ukungu ulijaa bondeni, vilele vya milima ya Masasi vikachomoza kama visiwa tulivyofundishwa shuleni. Bahari yenyewe sikuwa nimewahi kuiona. Mama alikuwa ameteremka kuteka maji, nami nikaangua kilio.

“Bibi, mama amezama!”

Bibi akaendelea kugeuza korosho motoni. “Kama hiyo ni bahari, maji tunayafuata mbali kote huko kwa nini?”

Ukunguni ikatokea ndoo kwanza, kisha uso wa mama, ukitiririka jasho. Bibi alipomweleza, mama akacheka, akachota kata moja akaniwekea mdomoni.

“Haya, onja bahari yako.”

Maji yalikuwa matamu. Ya kisima cha hapa kisiwani yana chumvi.