Mpangaji wa Kabati la Mandazi

Asubuhi hiyo nilitoka Migwani na begi moja, bila kujua naenda wapi. Shule niliacha darasa la saba, na tangu hapo kila swali jipya hunivuta safarini. Lori la ndengu lilikuwa linaelekea Kalamba. Dereva akaniuliza kama najua kunyamaza. Nikasema najua. Nilimdanganya.

Kalamba nilielekezwa kwa mama mwenye vyumba vya kupangisha nyuma ya duka lake.

"Chumba kiko," alisema, "ila ndani kuna mpangaji wa mzee wangu. Halipi, hatoki, na kwa sababu yake binti yetu amekataa kutuletea mjukuu. Mtoto tunamwona kwa simu tu."

Mpangaji alikuwa kifutu, nyoka mnene kama mkono wangu, amejikunja ndani ya kabati la vioo la kuuzia mandazi. Mzee alisimama kando kama mtu mwenye gari jipya. Alimwokota shambani akiwa mdogo kama kalamu.

"Amenizoea," alisema.

"Amekuzoea wewe, mzee. Mimi na yeye bado hatujasalimiana."

"Akiuma, nina hili." Akatoa mfukoni jiwe jeusi, lile ambalo watu wa huku hubandika kwenye jeraha ili linyonye sumu.

"Na likishindwa?"

"Litakimbia hospitali kumwitia daktari," mkewe akadakia kutoka mlangoni.

Nilicheka, lakini macho yalibaki kwenye kabati. Niliwahi kuuza mandazi. Mbele mzee alikuwa ametia kufuli kubwa la geti, lakini makabati haya yana mlango wa pili, wa muuzaji, unaosukumwa kando. Hauna komeo, na kabati likigongwa, husogea wenyewe.

"Nyuma umefunga na nini, mzee?"

"Nyuma kuna ukuta."

Nikamulika upenyo wa nyuma ya kabati kwa simu, kutoka mbali. Mlango ulikuwa wazi upana wa vidole viwili. Kilichomzuia kifutu ni unene wake tu. Pua yake ilikuwa na kidonda cha kugonga kioo.

"Huyu amekuzoea," nikauliza, "ama anatafuta njia ya kwenda kwao?"

Mzee alichukua mpini wa ufagio, akausukuma mlango polepole hadi ukafunga.

"Mtoto ameanza kutambaa," alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

Akapigia simu watu wa wanyamapori. Walifika jua likiwa bado juu, wakamtoa nyoka kwa koleo refu. Walipomuuliza mzee kibali cha kufuga nyoka, nusura awape jiwe.

Mama alifagia chumba mara mbili, kisha nikamsikia akimpigia binti yake: "Mlete. Ndiyo, ametoka. Nimeona kwa macho yangu."

Kabati lilibaki, maana chumba hakikuwa na lingine. Nikapanga mashati yangu ndani. Mlango wa nyuma nilikuwa nimeufunga kwanza.