Twiga wa Chuma Aliyekatazwa Kuvuta Maji

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili niliunda twiga wa chuma uani kwangu Kitengela, kwa rimu za baiskeli na mabomba ya moshi ya malori. Upepo ukivuma, shingo ilipanda na kushuka, na fimbo iliyopita ndani ya mguu ikavuta maji kutoka kisima kirefu ambacho kamba ya ndoo haikufika. Jirani yangu, mama wa Kimaasai niliyemwita Yeyo, kama watu wake wanavyomwita mama, alileta mbuzi wake kunywa kila asubuhi.

Mimi nilikuwa na kiu ya mashine ya kuchomelea. Niliazima ya fundi mmoja wa Kisaju mpaka akawa ananikimbia. Nikasikia kuna shirika Nairobi linaloshindanisha wasanii wanaotumia sayansi na teknolojia, na mshindi hupewa vifaa. Fomu yao iliuliza: "Kazi yako inauliza swali gani?" Nikaandika: "Kuna maji?" Wakasisimka ajabu.

Msimamizi wao, dada mpole aliyevaa shanga nyingi kuliko Yeyo, akaja kumkagua twiga. Kuona maji yakitoka, uso ukamshuka.

"Pole sana, ndugu. Ikishakuwa na kazi, hiyo ni maendeleo. Sisi tunasaidia sanaa. Jaribu watu wa kilimo."

Watu wa kilimo nilikuwa nimeshawajaribu. Walisema kitu chenye masikio na mkia si pampu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaichomoa ile fimbo. Majaji walipofika, twiga aliinama na kuinuka bila hata tone, na mbuzi wa Yeyo wakasimama kwenye birika lao la kunywea, kavu, wakimkodolea macho. Jaji mmoja akasema mifugo inatafakari teknolojia. Nikaitikia kwa kichwa kama msomi, huku najichukia.

Nilipanga kuirudisha fimbo wakishaondoka. Lakini nilishinda, na kazi ya mshindi huenda maonyeshoni. Lori likaja. Yeyo akasimama kando yangu, twiga akifungwa kamba.

"Kwani huko Nairobi hakuna maji?"

"Wako nayo, Yeyo."

"Sasa hii wanapeleka ya nini?"

Nikaenda kuwasaidia kukaza kamba.

Mashine ililetwa na sharti lake: isichomelee kitu chochote chenye kazi. Kesho yake Yeyo alipita na punda akienda kutafuta maji mbali, akanipungia mkono. Nilikuwa nimeshavaa miwani nyeusi ya kuchomelea, asinione macho, na mashine sijaiwasha bado.