Kitamutamu Kwanza, Chai Baadaye

Juzi nimepita mkahawa mmoja pale Parramatta, nikaona wanauza vitamutamu vya Kijapani vyenye umbo la ua la mcheri, mti unaochanua baridi ikishaisha. Juni hii, baridi inakata masikio na miti iko uchi! Nimesimama dirishani nikisonya peke yangu. Utaniambia ni chakula tu, nikile niende zangu. Hapana, nisikilize kwanza.

Tulipoishi Merrylands, jirani yetu alikuwa mama mzee wa Kijapani aliyefundisha utaratibu wa kwao wa kumwandalia mgeni chai ya kijani. Mama yangu alikuwa muuguzi, na Jumamosi akienda kazini aliniacha kwake. Nilikoroga maharagwe yaliyopondwa na sukari juu ya moto mpaka mkono ukafa ganzi, naye akayafinyanga kufuata majira ya hapa kusini mwa dunia, yaliyo kinyume na ya Japani: Aprili jani jekundu, Septemba ua. Ndugu zake Japani walilalamika kwamba amepindua kalenda. Hakujali. Ukishika bakuli la chai vibaya, unaanza upya. Alinichosha yule mama, na nilimpenda sana.

Mama hakutulia. Sisi ni watu wa kanisa, na kule kuinamia maandishi yaliyotundikwa ukutani kabla ya chai kulimtia shaka. Nyanya alipokuja kututembelea kutoka Kenya, mama akasema nyanya ndiye ataamua kama niendelee au niache. Jirani akamwalika.

Siku hiyo wote wawili waliamua kuwa na adabu, na adabu yao nusura iniue. Jirani aliweka kitamutamu mbele ya nyanya, akangoja. Kwao mgeni hula kwanza, akimaliza ndipo chai inakorogwa. Nyanya naye akangoja chai, maana kwetu nani anatafuna kitu kikavu? Maji yakachemka, yakaendelea kuchemka, na wao wanatabasamu tu.

Nilimnong'oneza nyanya ale. "Nianze kula kabla ya chai, nionekane nilikuja na njaa?" akasema. Nikamsihi jirani kwa Kiingereza alete chai tu, yaishe. Akanijibu taratibu kwamba mgeni haharakishwi. Nilitaka kulia. Jumamosi zangu zote zinapotea hivi hivi kwa sababu ya tonge la maharagwe!

Mwishowe nyanya akatoa kitambaa cha mkono, akakifunga kile kitamutamu na kukitia mkobani, kama afanyavyo harusini, akisema ni cha mama. Aibu ilinipanda mpaka utosini. Jirani akainama mpaka kwenye mkeka. Kumbe hata kwao mgeni anaweza kufunga chake kwenye karatasi aende nacho. Akakoroga chai. Nyanya akaiombea, tena kwa kirefu, na jirani akatulia hadi amina. Chai ilikuwa chungu. Nyanya aliimaliza yote.

Jioni mama akauliza ameonaje.

"Mwache mtoto aende," nyanya akasema. "Yule anajua kumngoja mtu."

Nilienda miaka mingi, mpaka jirani aliporudi Japani kutunzwa na dada yake. Nyumba ikabomolewa, pakajengwa ghorofa lenye maegesho chini. Nyanya tumeshamzika. Nikimhadithia binti yangu habari hizi, ananijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu, kwamba matcha, chai ile ile ya kijani, iko kila mahali siku hizi. Iko, ndiyo, na inaniudhi kila ninapoiona. Ruhusa aliyonipa nyanya haijafutwa na mtu yeyote. Ninayo bado, ila mlango wa kugonga haupo.