Velika Aliyezikwa Mtandaoni

Dirisha la duka limejaa mvuke wa tanuri. Velika Zhelyazkova anautandaza unga uliokandwa wa banitsa, mkate wa jibini wa Kibulgaria, mezani mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, anaumwagia jibini, anaukunja. Nje wateja wamepanga foleni.

"Marehemu, nipe mbili za moto!" anatania dereva mmoja wa teksi.

"Subiri zamu yako, na wewe utakufa tu."

Foleni inacheka. Yeye hacheki.

Velika, mwenye miaka hamsini na minne, aliwahi kuipigia makasia timu ya taifa. Ndiyo maana ana ukurasa katika kamusi elezo ya mtandaoni. Vuli iliyopita ukurasa huo ulidai kwamba amefariki, tena kwa ulevi.

Chanzo kilichowekwa kilikuwa picha ya tangazo la msiba, kama yale yanayobandikwa kwenye mageti ya hapa Silistra, Bulgaria. Jina ni lake. Aliyekufa ni binti wa baba yake mdogo. Wote wawili walipewa jina la bibi yao.

"Aliyelipiga picha hakutazama hata sura ya marehemu," anasema Velika. "Na lile tangazo halitaji pombe popote."

Habari ya kifo ilifutwa upesi. Ya ulevi ikabaki. Nedyalko, mhariri wa kujitolea wa kamusi hiyo, aliiondoa kwa sababu haikuwa na chanzo. Baada ya siku chache ikarudishwa, na safari hii ilitajwa tovuti ya udaku, ambayo yenyewe ilikuwa imenakili ukurasa ule ule.

Klabu ya makasia ilikuwa imemwahidi kazi ya kufundisha wasichana. Wazazi wakasoma. Mwenyekiti akamwita.

"Shangazi Velika, mimi nakujua. Ila wazazi niwaambie nini?"

"Waambie waje waninuse mdomo!"

"Au useme tu mlevi alikuwa yule ndugu yako wa jina moja, yaishe."

"Huyo simsemi vibaya, yuko kaburini. Ameacha binti, na binti ana simu, atayasoma."

Kazi akapewa mtu mwingine.

Nedyalko amemweleza kwamba neno lake mwenyewe halitoshi. Panatakiwa kitu kilichochapishwa, chenye jina la mwandishi. Ndiyo sababu Velika amekubali kuzungumza na gazeti hili.

"Waandike kwamba niko hai, nilipiga makasia, naoka banitsa," anasema, akifuta unga mikononi. "Mengine, kama hawamjui aliyeyasema, wayaache. Msimu ujao nitakwenda tena pale klabuni kuomba."